Nilivyoinasa Radi kwa Kamera

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Nami katika makala haya ningependa kuwaeleza habari ya mgeni mwingine anayekuja na mawingu hayo hayo, mgeni asiyebisha hodi: radi. Nitawaeleza jinsi nilivyompiga picha usiku wa mvua kubwa, makosa niliyoyafanya kabla ya kufaulu, na jinsi picha hiyo moja ilivyomfaa mzee mmoja wa kijijini kwetu. Tafadhalini msiishie katikati, kwani fundisho lenyewe limo mwishoni.

Kilichonisukuma

Nyumbani kwetu ni milimani, sehemu za Kisii. Si mnajua mvua ya huko. Asubuhi jua, alasiri mawingu meusi, jioni ngurumo. Mwaka juzi radi ilipiga chini ya mkalitusi mmoja mkubwa, ikaua ng'ombe watatu wa jirani yetu papo hapo. Mvulana aliyekuwa akiwachunga alinusurika bila hata jeraha. Basi maneno yakaanza. Mvulana yule ni mjukuu wa mzee mmoja anayeishi peke yake ng'ambo ya bonde. Sitamtaja jina. Ati kwa nini radi iue ng'ombe wa wenyewe na kumwacha mjukuu wake? Ati mzee ana radi ameifungia chunguni, na huituma anapokasirika.

Kuanzia siku hiyo watu waliacha kununua ndizi zake. Watoto walimkimbia njiani. Baadhi ya vijana walisema waziwazi kwamba radi ikipiga tena, nyumba ya mzee itawaka. Nami, nakiri kwa aibu, nilikuwa nikivuka barabara nimwonapo akija ili nisimwamkie. Nilikuwa kidato cha pili wakati huo, na nilikuwa tayari nimefundishwa habari ya chaji za umeme darasani! Niliyajua ya kujibu mtihani tu, ya nyumbani niliyaacha jinsi yalivyo.

Nilipoingia kidato cha tatu, mwalimu mlezi wa chama chetu alituonyesha kamera yake ya dijitali na kutufundisha kupiga picha za gazeti hili. Ndipo wazo liliponijia: je, nikiweza kuipiga picha radi yenyewe, si tutaona inatoka wapi na kwenda wapi?

Radi ni nini hasa?

Kabla ya kushika kamera, ni vyema tumjue tunayemwinda. Kwanza tusichanganye maneno. Umeme ni ule mwangaza unaomulika. Ngurumo ni ule mlio. Radi ni pigo lenyewe linaloshuka. Wengi wetu huita umeme wa nyumbani stima, na hilo limetusaidia kidogo kutenganisha mambo, ingawa kwa kweli ni ndugu wa baba mmoja.

Ndani ya wingu la mvua ya ngurumo, hewa hupanda kwa nguvu sana. Juu kabisa ni baridi, maji huganda. Vipande vidogo vya barafu hugongana na mvua ya mawe laini, na katika kugongana huko chaji hutengana: chanya hupanda juu ya wingu, hasi hubaki sehemu ya chini. Chaji hizo zikizidi, hewa hushindwa kuzizuia. Tawi lisiloonekana vizuri kwa macho huanza kushuka kutoka winguni kwa hatua hatua, kila hatua kama mita 50 hivi. Likikaribia ardhi, vitu virefu kama miti na minara hutoa cheche zinazopanda kulilaki. Zikikutana, njia imefunguka, na hapo ndipo mwangaza mkali unapopaa kupitia njia hiyo. Hewa ya pale hufikia joto la nyuzi kama 30,000 za Selsiasi, yaani takriban mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo hupanuka ghafla kwa kishindo, nasi tukasikia ngurumo.

Mara nyingi pigo si moja. Huwa ni matatu au manne yanayofuatana katika njia ile ile, ndiyo maana umeme huonekana kama unapepesa macho. Lakini yote kwa jumla huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde.

Walionitangulia

Si mimi wa kwanza kuwa na wazimu huu. Mwaka wa 1882, huko Philadelphia nchini Marekani, mpiga picha William Jennings alifaulu kuinasa radi. Wachoraji wa siku zile waliichora kama msumeno, kwa pembe kali za kwenda na kurudi. Picha ya Jennings ilionyesha kwamba radi hupinda na kutoa matawi kama mto au mizizi ya mti. Mwaka wa 1900 Mwingereza Charles Vernon Boys alitengeneza kamera yenye lenzi zinazozunguka. Kisha miaka ya 1930, hapa hapa Afrika, Basil Schonland na wenzake wa Afrika Kusini walitumia kamera ya aina hiyo wakagundua kwamba radi hushuka kwa hatua kama nilivyoeleza hapo juu. Kwa hivyo mengi tuyajuayo kuhusu radi yalitokana na picha.

Na sisi wa pande hizi tuna bahati, au balaa, ya kuishi karibu na mawindo. Utafiti wa data za setilaiti za miaka 16, uliochapishwa mwaka wa 2016, ulionyesha kwamba mahali panapoongoza duniani kwa umeme wa mawingu ni Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, na pa pili ni Kabare, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ziwa letu la Viktoria nalo halilali. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, pepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, zikikutana hupanda juu na kuunda mawingu ya ngurumo. Ndiyo maana usiku, ukisimama kwenye mgongo wa kilima chetu, huona upande wa magharibi ukimulikamulika hata kama kwenu kumekauka.

Kosa la kwanza

Jaribio langu la kwanza lilikuwa hapa shuleni, mwezi wa Machi. Tulikuwa prepu, stima ikapotea, na mbingu zikaanza kumulika. Nikachukua kamera ya chama nikachomoka mbio hadi uwanja wa kandanda. Nilisimama kando ya mlingoti wa goli, nikawa nangoja. Umeme ukimulika, nabonyeza. Umeme ukimulika, nabonyeza. Nilibonyeza mara thelathini na ushei. Nilipata nini? Giza tupu, bwana. Picha thelathini za giza.

Kisha nikasikia sauti ya mwalimu wa zamu kutoka kwenye veranda ya madarasa. Sitaandika alichosema. Itoshe kujua kwamba nilifyeka nyasi kwa wiki nzima, na haki yangu. Nilikuwa nimesimama mahali pa wazi, kando ya chuma kirefu, ngurumo ikiwa juu ya kichwa. Kama ingenipiga, makala haya yangekuwa tanzia.

Nilipokuwa nikifyeka nilifikiri. Kwa nini picha zote zilikuwa giza? Jibu ni rahisi. Toka jicho lione hadi kidole kibonyeze, huchukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Kufikia hapo umeme umeshakwenda zake. Mwenye kukimbiza radi kwa kidole hawezi kuipata. Dawa ni kufungua mlango kabla mgeni hajafika, na kumngoja.

Namna ya kufanya

Haya sasa, sikilizeni kwa makini. Nitayapanga hatua kwa hatua.

Kwanza, kamera isitikisike. Iweke kwenye stendi ya miguu mitatu. Kama huna, iweke juu ya meza na uiegemeze kwa mfuko wa mchele au maharagwe.

Pili, iondoe kamera kwenye kujipangia yenyewe. Kila kitu kipange wewe, na flashi izime. Flashi yako itamulika matone ya mvua tu, haifiki winguni.

Tatu, lenzi ilenge mbali. Gizani kamera haiwezi kujilenga. Tafuta taa ya mbali, ya ng'ambo ya bonde, uilenge kwa mkono hadi ionekane kali, halafu usiguse tena.

Nne, weka kilango cha kamera kikae wazi sekunde 10 hadi 30. Umeme wowote utakaomulika katika muda huo utajichora wenyewe.

Tano, weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwangaza, kuwa 100 au 200. Tundu la lenzi anza na f/8. Kumbuka namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo.

Hapa pana jambo ambalo lilinichukua siku nyingi kulielewa. Umeme ni mfupi mno. Ukikiacha kilango wazi sekunde 10 au 30, umeme mmoja utaingiza mwangaza ule ule. Kinachobadilika ni mandhari: kadiri muda unavyorefuka, ndivyo anga na taa za vijijini zinavyozidi kung'aa. Kwa hivyo radi ikitoka nyeupe kupita kiasi, usipunguze muda, punguza tundu liwe f/11. Mandhari yakiwa meupe mno, hapo ndipo upunguze muda. Radi ya mbali sana inataka tundu pana, kama f/5.6. Ya karibu inataka tundu dogo.

Sita, usibonyeze kwa pupa, maana kidole hutikisa kamera. Tumia kile kipima saa cha kuchelewesha sekunde 2. Au, kama kamera yako ina uwezo huo, iamuru ijipige yenyewe picha moja baada ya nyingine, nawe ukae mbali.

Saba, vumilia. Subira huvuta heri. Picha nyingi zitakuwa tupu.

Usalama kwanza

Sehemu hii ndiyo muhimu kuliko zote, na mtu asiniambie hakuisoma.

Umeme ukimulika, anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo kila sekunde 3 ni karibu kilomita moja. Ukihesabu 21, radi iko kilomita 7. Ukihesabu chini ya 30, uko hatarini, ingia ndani. Usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Na hata ukiwa huhesabu, ngurumo ikisikika tu, jua radi inaweza kukufikia.

Ndani maana yake ni ndani ya nyumba kamili, au ndani ya gari lenye paa la chuma na vioo vimefungwa. Kibanda cha sokoni kisicho na kuta si ndani. Chini ya mti si ndani, ni njia ya mkato ya kaburini. Ukiwa nyumbani usishike mfereji, wala waya za stima, wala vyuma vya dirisha. Na aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguseni, mwiteni, na kama hapumui apewe huduma ya kwanza mara moja. Wengi wangepona kama wenzao wasingeogopa kuwagusa.

Usiku wenyewe

Likizo ya Aprili mwalimu mlezi aliniazima kamera kwa sharti moja: nisitoke nje. Nilikubali kwa moyo mmoja, nyasi za uwanjani zilikuwa bado akilini.

Nyumba ya ami yangu ni ya matofali na dirisha la sebule latazama bonde. Siku ya nne, yapata saa mbili usiku, mawingu yalianza kuwaka upande wa ziwa. Nilizima taa zote ili zisijione kwenye kioo. Niliweka kamera kwenye stendi, lenzi ikakaribia kioo katikati ya vyuma viwili, nikaizungushia sweta jeusi. Nikaweka sekunde 15, f/8, ISO 100, nikaiamuru ijipige yenyewe, kisha nikarudi kuketi katikati ya chumba na binamu zangu.

Tulikuwa tukihesabu kwa sauti. Arobaini. Thelathini na tatu. Ishirini na nne. Mvua ikaanza kupiga mabati. Kati ya mapigo nilikimbilia kamera mara moja tu kupunguza tundu liwe f/11, kwani mambo yalikuwa yanakaribia. Kumi na mbili. Sita. Halafu chumba kizima kikawa cheupe, na kabla hatujamaliza kusema "mbili" nyumba ikatetemeka. Binamu yangu mdogo alijikuta chini ya meza. Nilipiga hesabu: sekunde 2 mara 340, ni kama mita 680. Ng'ambo tu ya bonde.

Mvua ilipotulia tulitazama picha zote. Zilikuwa 64. Radi ilikuwa kwenye 5. Nne zilikuwa za mbali, nyembamba kama nyuzi. Ya tano ilikuwa nene na nyeupe, imetoa matawi yanayoelekea chini kama mizizi, na shina lake limetua kwenye ncha ya mti mrefu kuliko yote ng'ambo ya bonde. Tuliutambua mti huo sote. Ulikuwa mkalitusi wa yule mzee.

Asubuhi yake

Kulipopambazuka tulienda na ami. Gome la mti lilikuwa limechanika toka juu hadi chini, kama limechorwa kwa patasi, maana maji ya ndani ya mti hugeuka mvuke kwa ghafla na kulipasua. Chini ya mti alikuwa amelala mbuzi wa mzee, wa pekee aliyekuwa naye, amekufa kamba ikiwa bado shingoni. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda akimtazama. Watu walikuwa wameanza kukusanyika barabarani, na wapo waliosema kwa sauti, "Imemrudia mwenyewe!"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwamkia mzee, "Shikamoo, babu." Ilikuwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Nikampa kamera. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, nionyeshe tena."

Juma lililofuata naibu wa chifu alikuwa na baraza, akanipa dakika tano. Nilieleza mambo mawili tu. La kwanza, radi haikuchagua boma. Katika picha imetua kwenye ncha ya mti mrefu kuliko yote, kama ilivyotua kwenye mkalitusi wa mwaka juzi. La pili, habari ya wale ng'ombe na mvulana. Radi ikipiga mti, umeme hutawanyika ardhini kutoka shinani. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana zaidi ya mita moja, kwa hivyo umeme hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine, ukipitia moyoni. Mvulana mwenyewe aliniambia alikuwa amekwenda kando kuokota kuni, mbali na mti, na nyayo za mtu huwa karibu karibu. Hakuachwa na babu yake. Aliachwa na umbali.

Je, wote waliamini? La hasha. Mama mmoja aliniuliza ni nani basi aliyeiambia radi ipite siku ile na si siku nyingine, nami sikuwa na jibu la kumtosheleza. Wengine walisema vitabu vinatuharibu. Lakini wazee walikubaliana kwamba mifugo isifungwe tena chini ya miti wakati wa mvua, na wale vijana wa maneno ya moto wakanyamaza. Jumamosi ile mama yangu alinituma ng'ambo ya bonde na pesa za mkungu wa ndizi. Mzee alinipa na mwingine mdogo juu yake.

Tamati

Ndugu zangu, elimu ya darasani ni kama kilango cha kamera. Ikifungwa, hata radi ikipita mbele yako hutaona kitu. Tusisome kwa ajili ya mtihani pekee. Kuna mtu kijijini kwenu anayengoja ufungue unachokijua.

Maswali ya kujadiliana chamani: Kwanza, umehesabu sekunde 15 kati ya umeme na ngurumo, radi iko umbali gani, nawe ufanye nini? Pili, picha yako ina radi nzuri lakini anga limekuwa jeupe mno, utabadilisha nini? Tatu, taja jambo moja unaloamini kwa kusikia tu, na ueleze jinsi unavyoweza kulichunguza.

Kwa hayo machache nakomea hapo. Nawatakia masomo mema, na mvua ikija, ingieni ndani.